Windows Si Rahisi, Ni Vile Una Fundi

Kuna mambo matatu ambayo kila kijana wa Nairobi anayajua kuhusu kompyuta, hata kama hajawahi kumiliki moja. Mac ni ya wenye pesa. Linux ni ya wale wasee wa hudi nyeusi wanaokesha wakiandika kodi. Windows ni rahisi. Tumeyarithi bila kuyahoji, na tunawapokeza wadogo wetu hivyo hivyo.

La kwanza silibishii sana. La pili nitalifikia. Lakini hili la tatu, ati Windows ni rahisi, nataka tulifungue skrubu moja moja, kwa sababu tangu Oktoba 2025 limekuwa likiwagharimu watu pesa ambazo hawana.

Lugha yetu yenyewe inatupa dokezo. Kwa Kiswahili, rahisi ni kitu kisichosumbua na pia ni kitu cha bei ya chini. Neno moja, maana mbili, na muuzaji yeyote wa Luthuli Avenue anajua kuzichanganya. Windows tunayoitumia huku inaonekana rahisi kwa maana zote mbili: haitusumbui, na wengi wetu hatukuilipia. Ila usumbufu upo na gharama ipo. Kuna mtu mwingine anayevibeba.

Tuanze na kipimo. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina kiwango nambari 9241-11, kilichotolewa 1998 na kurekebishwa 2018, kinachoeleza maana ya kitu kuwa rahisi kutumia. Kwa ufupi kinasema hivi: huwezi kupima urahisi hewani. Lazima kwanza useme mtumiaji ni nani, anataka kufanya nini, na yuko katika mazingira gani. Halafu ndipo unauliza: alifaulu? Alitumia muda na nguvu kiasi gani? Aliridhika? Ukiyaondoa yale ya kwanza, swali la "mfumo gani ni rahisi" ni kama kuuliza gari gani ni zuri bila kusema kama unaenda Westlands au Lodwar.

Sasa angalia zile video za kulinganisha mifumo. Jamaa ana laptopu mpya, faiba isiyokatika, kadi ya benki na duka la kampuni dakika kumi kutoka kwake. Anafungua madirisha, anayafunga, anasifu rangi, anatoa alama nane kwa kumi. Huyo mtumiaji ni nani? Si mimi, na nadhani si wewe. Mimi sina digrii ya kompyuta, wala digrii yoyote ile. Nina laptopu ya ex-UK inayonilisha, hotspoti ya simu, bando linaloisha Alhamisi, na stima ya tokeni. Hayo ndiyo mazingira. Mfumo ambao haujapimwa hapo haujapimwa.

Mmoja wa watu waliolisema hili mapema ni Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh ndani ya Apple mwaka wa 1979. Mwaka wa 1994 aliandika kwamba watu wanaposema kompyuta fulani inaeleweka yenyewe, mara nyingi wanachomaanisha ni kwamba inafanana na ile waliyoizoea. Hayo ni maneno ya mtu aliyeianzisha Mac, mashine inayosifiwa kuliko zote kwa kueleweka. Wahenga wetu walifika kabla yake: mazoea yana taabu.

Hebu basi tuitazame mifumo mitatu kwa jicho la mtu asiye na mazoea yoyote.

Mac inaweka menyu ya programu juu kabisa ya skrini, na hapo imecheza vizuri. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Wabunifu wa skrini walichukua somo: ukingo ni shabaha rahisi, kwa sababu unasukuma kipanya juu bila kulenga na mshale unagonga ukuta na kusimama. Lakini Mac hiyo hiyo, ukichagua faili na kubonyeza Enter, haiifungui. Inadhani unataka kuibadilisha jina. Ukifunga dirisha kwa kile kitufe chekundu, programu nyingi zinabaki zikiendelea nyuma ya pazia. Kuhamisha faili kwa kibodi, unanakili kwanza, halafu wakati wa kubandika unashikilia kitufe cha Option. Na ukichomeka hadi disku ya rafiki iliyopangwa kwa NTFS, mpangilio wa kawaida wa Windows, Mac itakusomea kilichomo lakini haitakubali kuandika chochote. Hayo yanaeleweka yenyewe kwa nani?

Windows nayo. Mwaka wa 1995 ilituletea kitufe cha Start kwenye kona ya chini kushoto. Mwaka wa 2012, Windows 8 ikakiondoa, na watu duniani kote wakabaki wakitafuta jinsi ya kuzima mashine. Mwaka uliofuata, Windows 8.1 ikakirudisha. Mwaka wa 2021, Windows 11 ikakihamishia katikati, mbali na ile kona ambayo mkono ulikuwa umeikariri. Tangu 2012 kuna sehemu mbili za mipangilio, Settings na Control Panel, na zaidi ya miaka kumi baadaye bado unaanza kwa moja na kujikuta kwa nyingine. Katika Windows 11, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia uone: unapewa menyu fupi, na chini yake kuna mlango wa kwenda kwa menyu ndefu uliyokuwa ukiitafuta.

Na Ubuntu, Linux inayojulikana zaidi huku kwetu, haijawa mtakatifu. Mwaka wa 2011 ilibadilisha sura yote ya skrini na kuleta kitu kinachoitwa Unity. Watu wakanung'unika, wakazoea, kisha 2017 ikaitupa Unity na kurudi kwa GNOME. Waliozoea wakaanza upya.

Kwa skrini pekee, basi, hakuna bingwa. Kila moja ina akili zake na ujinga wake. Mweke mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta mbele ya yoyote kati ya hizo, umpe wiki mbili na mtu mvumilivu wa kumwelekeza, naye ataandika barua, ataituma, na ataipata tena kesho yake.

Mtu mvumilivu wa kumwelekeza. Shikilia hayo maneno, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipo.

Windows haitushindi kwa sababu tulifundishwa. Ukimaliza KCSE, ukingoja matokeo, mzazi anakupeleka "packages". Karibu kila mji una chuo cha aina hiyo, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Mimi nilisomea kwenye chumba chenye kompyuta kumi na wanafunzi zaidi ya ishirini, wawili wawili kwa kiti. Mtihani wa kuandika waraka ulikuwa mtihani wa Microsoft Word: kitufe fulani kiko wapi, kinaitwaje, kina rangi gani. Mtihani wa hesabu ulikuwa wa Excel. Cheti kilisema nimehitimu kompyuta. Nilichohitimu hasa ni bidhaa za kampuni moja, tena toleo lililokuwa limepitwa na wakati siku ninatunukiwa.

Kisha kuna mhudumu wa saiba, yule dada anayejua kwa nini faili yako haifunguki na atakusukumia kiti kando aifungue mwenyewe. Kuna binamu aliyesoma IT. Na juu ya wote kuna fundi.

Fikiria kazi ya fundi vizuri. Unanunua laptopu, yeye ndiye anaiwekea Windows kutoka kwa flashi yake. Anatafuta draiva za waifai na za sauti. Anaweka Office. Anaweka programu ya kufungua PDF, ya kucheza video, na kitu cha kuifanya Windows iamini imelipiwa. Ikianza kujikokota baada ya miezi sita, unarudi kwake, anaifuta na kuanza upya, unalipa bob kadhaa, unaenda. Skrini ikigeuka buluu saa tano usiku na kazi ya mteja ni ya asubuhi, hupigii Microsoft. Kwanza ungepiga nambari gani? Unampigia fundi.

Leseni ya Windows 11 Home inauzwa dola 139 Marekani. Kwa bei ya dola ya 2025, hiyo ni karibu shilingi elfu kumi na nane, pesa ambayo mjini inaweza kukupatia laptopu nzima ya mtumba. Kwa hivyo wengi wetu tunatumia Windows ya magendo, na urahisi tunaousifu ni jasho la kijana wa kibanda cha futi sita kwa nne ambaye hajawahi kulipwa senti na kampuni anayoitumikia. Yeye ndiye huduma kwa wateja. Yeye ndiye idara ya mafunzo. Sifa zote zinaenda Redmond.

Mfumo unaohitaji fundi kila miezi sita si mfumo rahisi. Ni mfumo wenye mafundi wengi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku kampuni inapoamua kukutupa.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo Microsoft ilikomesha masasisho ya usalama ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Ukitaka kuendelea salama, uhamie Windows 11. Ila Windows 11 ina masharti: chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa ujumla, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka 2017.

Rafiki yangu hufanya kazi ya kunukuu sauti. Anasikiliza mahojiano ya watu wa mbali, anayaandika, analipwa kwa dakika. Ana HP EliteBook 840 G3, ex-UK, aliyoinunua kwa lipa mdogo mdogo. Prosesa yake ni ya kizazi cha 6. Ina RAM ya GB 8 na SSD, inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Alikuwa amemaliza kuilipa Agosti. Oktoba ikaanza kumwonyesha tangazo kwamba muda wake umeisha. Akaipeleka dukani, akaambiwa, "Hii imeexpaya, dada. Tuachie, uongeze thelathini elfu, tukupe nyingine." Akaniuliza kama kompyuta huexpaya kama maziwa.

Haiexpayi. Hakuna kilichoharibika ndani ya hiyo mashine. Kibodi ni ile ile, skrini ni ile ile, kasi ni ile ile ya Septemba. Kilichoisha ni hamu ya kampuni kuihudumia.

Najua utetezi. TPM ni kwa ajili ya usalama wako. Sawa, chipu ya kutunza funguo ni kitu kizuri. Lakini usalama gani huu unaowaacha wenye mashine za zamani bila masasisho kabisa? Na angalia vile walivyougawa. Kwa mtumiaji wa nyumbani, mwaka mmoja wa ziada wa masasisho, hadi Oktoba 2026, uliwekewa njia tatu: ulipe dola 30, kama shilingi 3,900; au utumie pointi 1,000 za zawadi za Microsoft; au ukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye seva zao kupitia akaunti yao. Mashirika ya watumiaji ya Ulaya yalipolalamika, nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya zikapewa mwaka huo bure, bila sharti la kuhifadhi mipangilio kwao. Mzungu wa Brussels bure, wewe wa Pipeline utoe pesa au utoe data. Bana, hata kama hujali kompyuta, hilo lijali.

Na ukiingia Windows 11 yenyewe? Kuiwasha mara ya kwanza inadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Kampuni imekuwa ikiziba, moja baada ya nyingine, njia za kukwepa sharti hilo. Masasisho unaweza kuyaahirisha, huwezi kuyakataa, na yakianza kushuka kupitia hotspoti yatakula bando lako kabla hujafungua barua pepe moja. Kuna swichi ya kuiambia kwamba intaneti hii inapimwa, imefichwa ndani ya mipangilio ya waifai, na hakuna aliyekuonyesha. Tangu 2024 imekuwa ikiweka matangazo ya programu ndani ya menyu ya Start. Hii ndiyo "rahisi" tunayoitetea?

Jibu la mtaa tayari lipo, kama kawaida: fundi atakuwekea tu. Kuna programu inayoitwa Rufus inayoandaa flashi ya Windows 11 na kuondoa ukaguzi wa TPM. Inafanya kazi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina hakikisho la masasisho. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Siku wakiamua kuivuta, utarudi kwa fundi tena, na urahisi wako utakuwa umelipiwa mara nyingine na mtu yule yule.

Nikimaliza hapo, kuna msee atasema: si ununue Mac uwache kelele. Nitaisifu Mac inapostahili. Tangu Apple ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe, M1, Novemba 2020, hizo laptopu zinakaa na chaji kwa namna inayomfaa sana mtu wa nchi ambayo stima hupotea. Unafungua kifuniko, inaamka. Sauti inafanya kazi, waifai inafanya kazi, hakuna mtu wa kutafuta draiva. Lakini RAM ya hizo chipu imeunganishwa humo humo. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Kwa EliteBook ya rafiki yangu unafungua skrubu, unaongeza RAM, unabadilisha SSD, unafunga. Na zile Mac za Intel ambazo sasa unaziona mjini kwa bei ya kuvutia, jua hili kabla hujatoa doo: Apple ilitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwao. Wanaokuuzia wanajua.

Tubaki sasa na Linux. Na hapa lazima niwageukie watu wa upande wangu, kwa sababu wamechangia sana kuifanya ichukiwe.

Nyinyi wasee wa Linux mna tabia mbaya. Mtu anauliza, "Nifanyeje waifai ionekane?" Mnamjibu kwa kumuuliza kwa nini anatumia Ubuntu badala ya Arch. Anauliza jinsi ya kuweka programu, mnamrushia mistari minne ya amri za terminali, herufi moja ikikosewa inakataa, halafu mnamwambia asome. Mna mamia ya aina za mfumo mmoja na mnajivunia wingi huo mbele ya mtu anayetaka tu kuchapisha CV kabla ya saa nne. Mnapenda ugumu kwa sababu unawafanya muonekane werevu. Mkisema Linux ni rahisi, watu wanawaangalia nyinyi na hawaamini.

Na tuseme ukweli wote. Office ya Microsoft haiwekwi kwenye Linux kwa njia ya kawaida. Kuna LibreOffice, iliyozaliwa 2010 kutoka kwa OpenOffice, ni nzuri, lakini fungua ndani yake waraka wa Word wenye majedwali na fonti za Microsoft uone mistari ikihama. Photoshop hakuna. AutoCAD hakuna. Michezo kadhaa mikubwa ya mtandaoni inakataa kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu. Kuna chipu za waifai, hasa baadhi za Broadcom, zinazoweza kukutesa siku ya kwanza. Kama riziki yako ni Photoshop, baki ulipo, sitakuhubiria.

Lakini riziki ya wengi wetu ni nini? Kivinjari. Tunaandika kwenye Google Docs, tunakutana kwa Zoom, tunajaza fomu za eCitizen, tunanukuu sauti, tunasoma PDF, tunaangalia filamu. M-Pesa iko kwa simu. Kwa mtumiaji huyo, kwa kazi hiyo, kwa mazingira haya, yaani kwa kipimo kile cha ISO, nalinganisha tena.

Linux Mint, ambayo ipo tangu 2006, ina kitufe cha menyu kona ya chini kushoto, pale pale Windows ilipokitoa. Unaweza kuiwasha kutoka kwa flashi na kuitumia bila kugusa chochote ndani ya laptopu: jaribu waifai, jaribu sauti, jaribu printa, ukichukia uichomoe na Windows yako ipo vile ulivyoiacha. Windows na Mac hazikupi nafasi hiyo ya kuonja kabla ya kula. Kuiweka hakuhitaji akaunti ya mtu. Masasisho yanakula data pia, sitadanganya, lakini Mint inakuonyesha orodha na ukubwa wake, na inakungoja useme ndiyo. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, ina miaka mitano ya masasisho ya bure. Haikuulizi prosesa yako ni ya kizazi gani. Ile hadi disku ya NTFS iliyokataliwa na Mac, Linux inaisoma na kuiandikia. Na leseni ni bure kihalali, kwa hivyo hakuna programu ya magendo ya kuidanganya, na hakuna kirusi kilichojificha ndani ya hiyo programu.

Rafiki yangu ana Mint kwenye G3 yake sasa. Tuliiweka Jumamosi, kabla chai haijapoa kabisa ilikuwa imemaliza. Jumatatu alikuwa kazini. Shida aliyoniletea wiki hiyo ni moja: alitaka kujua jinsi ya kuongeza ukubwa wa herufi. Thelathini elfu yake iko kwake.

Kwa hivyo kikwazo cha kweli cha Linux huku ni kipi? Ni kile kile tulichoanza nacho. Haina fundi. Haina chuo cha ghorofa ya pili. Haina dada wa saiba. Mfumo unaoweza kuokoa mashine za mtumba za mji mzima umekosa watu wachache wa kuuelekeza.

Tulishawahi kukaribia. Jina Ubuntu lenyewe ni la kwetu kwa ukoo: linatoka lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika na ni ndugu wa neno letu utu. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini. Ilitoka Oktoba 2004, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma diski za bure hadi sanduku lako la posta, popote ulipo. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ikatafsiri Windows XP kwa Kiswahili. Yaani zaidi ya miaka ishirini iliyopita kompyuta ingeweza kumwambia mama yako kwa lugha yake kwamba faili haijahifadhiwa. Ni nani aliwahi kukuonyesha? Vyuo vya packages viliendelea kufundisha File, Edit, View, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa kwenye mtihani. Hata Kiswahili kilishindwa na mazoea.

Ndiyo maana sikuombi tu ubadilishe mfumo. Naomba tuhamishe ujuzi.

Wenye vyuo: fundisheni kuandika waraka, si kukariri vitufe vya Word. Mwanafunzi aliyeelewa mitindo ya vichwa na majedwali ataifanya kazi hiyo kwa Word, kwa LibreOffice, kwa Google Docs, na kwa chochote kitakachokuja.

Mafundi: wekeni flashi ya Mint kando ya ile ya Windows. Mteja akija na mashine ya kizazi cha 6, msimwambie imekufa. Mwambieni kuna njia mbili, mwonyesheni ya pili ikiwaka, na mtoze pesa ile ile ya kuweka mfumo. Hiyo ni biashara, na hamtakuwa mkiifanyia kampuni isiyowajua kazi ya bure.

Wasee wa Linux: acheni kubishana Arch na Fedora. Teremkeni Luthuli na flashi kumi.

Na wewe mwenye laptopu iliyoambiwa muda wake umeisha: kabla hujaiacha dukani na kuongeza pesa juu, iwashe kutoka kwa flashi kwa wiki moja, na kazi zako za kila siku. Ikikushinda, sawa, umejua. Lakini uamuzi utakuwa wako, kwa kazi yako, kwa stima yako na bando lako. Na mtu akikukatiza katikati akuambie ati Windows ni rahisi zaidi, usibishane naye. Mwombe tu nambari ya fundi wake.